Safari ya Kwanza Sofu, Nikifuata Chupa Tupu

Nilikwenda Sofu kwa sababu ya kifungu cha sheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa, zitaje viwango vya vyombo vya kuwekea taka hadi ukubwa na rangi yake, na zitafute njia ya kuwashirikisha watu binafsi na asasi katika kazi hiyo. Kanuni za taka ngumu zilifuata mwaka 2009. Ukikisoma kifungu hicho ukiwa umeketi ofisini hakionekani kuwa na shida yoyote: maganda ya ndizi yawekwe huku, chupa kule, kinachobaki pembeni. Lakini nani anakuja kuichukua hiyo chupa, na anailipia kwa fedha ya nani? Hapo kifungu kinanyamaza.

Nilitaka jibu la kuonwa kwa macho. Katikati ya Dar es Salaam kuna miradi na semina nyingi za taka, na mtu huweza kurudi nyumbani akiamini kila kitu kinakwenda sawa kwa kuwa ameona bango zuri. Nikachagua kata ya pembezoni, katika mji mwingine, mahali nisipomjua mtu na ambapo sikuwahi kukanyaga. Sofu ni kata ya mji wa Kibaha, mkoani Pwani. Kibaha yenyewe nilikuwa nimeipita kila nilipokwenda Morogoro au Dodoma, nikiiangalia kupitia dirisha la basi: maduka ya Maili Moja, malori yaliyoegeshwa, watoto wa shule. Kushuka, sikuwahi.

Mji huu unakua kwa kasi ambayo kwenye basi huioni. Sensa ya 2012 iliwakuta watu wapatao 128,000 katika eneo la Mji Kibaha. Sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya 265,000. Ndani ya miaka kumi idadi imezidi maradufu, na kila aliyehamia amekuja na jiko lake, chupa zake za maji na mifuko yake ya unga. Huko ndiko sheria ya kutenganisha taka inakopimwa.

Daladala nilipanda Mbezi Luis, nje ya kituo cha mabasi cha Magufuli. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2, na gari zikishapata nafasi hukimbia. Kila zinaposimama, vijana wanazizunguka na maji ya kunywa kwenye ndoo za barafu. Abiria wa kiti cha mbele yangu alinunua, akanywa, akasukuma kioo na kuitupa chupa nje kabla hatujafika Kibamba. Alikuwa baba mtu mzima, amevaa vizuri, na katika safari nzima alikuwa mwungwana kwa kila mtu. Hakuna aliyeshtuka. Mbele kidogo, Kiluvya, nilimwona mwanamke ndani ya mtaro wa barabara, kiroba begani, anainama na kuinuka, anainama na kuinuka. Kazi ya kumalizia kitendo cha yule baba ilikuwa yake, na hakuna aliyemwajiri.

Nilishuka Maili Moja nikamweleza kijana wa bodaboda kwamba nataka kufika Sofu, kwa wanaonunua makopo. Makopo ndilo jina la mtaani la chupa za plastiki. Hakuuliza mara mbili. "Kwa mama wa mzani? Panda kaka." Tukaiacha lami, tukaingia kwenye njia za mchanga katikati ya mikorosho na nyumba mpya ambazo nyingine bado ni kuta za tofali bila bati. Kila uwanja una shimo la taka, na mashimo mengine yalikuwa yanafuka moshi. Moshi wa majani makavu unanukia vizuri. Wa plastiki unakwaruza koo, na siku hiyo yote miwili ilikuwa imechanganyika.

Banda la mama huyo lilikuwa la mabati chakavu na nguzo za miti, limejengwa chini ya mkorosho mkubwa. Mzani wa kuning'iniza ulifungwa kwenye tawi. Kuzunguka banda kulikuwa na viroba na salfeti zilizojaa hadi kutapika, marundo ya maboksi yaliyokunjwa, na pembeni vyuma vichache: bati, mifupa ya baiskeli, sufuria zilizotoboka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

Kila anayefika hapo huulizwa hivyo. Nilimwambia sikuwa na mzigo, nimekuja kujifunza kazi yake ili niiandike. Akanitazama, akanisogezea kigoda na salfeti moja ya chupa, akanipa jozi ya glavu zilizochanika vidole. "Basi jifunze huku unatoa vifuniko," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoupata mlango wa kuingilia.

Kazi yenyewe ni elimu. Chupa ya maji na soda imetengenezwa kwa plastiki ya aina moja, kifuniko chake kwa aina nyingine, na lebo mara nyingi kwa aina ya tatu. Zikichanganyika kiwandani wakati wa kuyeyusha, zinaharibu mzigo mzima, kwa sababu haziyeyuki kwenye joto moja. Ukisaga na kutia kwenye maji, vipande vya chupa vinazama na vya kifuniko vinaelea. Mama hajasoma kemia, lakini beseni lake la maji lipo hapo kwa ajili hiyo hiyo: plastiki ngumu asiyoitambua anakata kipande, anakidumbukiza, anaangalia. Chupa zisizo na rangi zinakaa peke yake kwa kuwa zina bei bora. Za bluu zinakaa peke yake, za kijani peke yake. Zilizowekwa mafuta ya kula zinakataliwa. Ndoo, madumu na viti vilivyovunjika ni plastiki ngumu na vina mnunuzi mwingine. Baadhi ya chupa zilizookotwa barabara kuu huja na mkojo wa madereva wa masafa marefu ndani yake, na kuna siku huja na sindano. Mambo hayo mama aliniambia bila kulalamika, ila akanionesha kovu kwenye kidole gumba.

Ni vizuri mjue uzito wa mambo haya. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa kati ya gramu 10 na 20. Ina maana kilo moja inahitaji chupa 50 hadi 100, zilizoinamiwa moja moja. Kilo hiyo, mwisho wa siku, hulipwa shilingi mia chache.

Kufika saa nne wauzaji wakaanza kuja. Kijana mwenye mkokoteni. Dada mwenye mtoto mgongoni na viroba viwili kichwani, kimoja juu ya kingine. Mzee aliyefunga maboksi kwenye baiskeli kwa kamba ya mpira. Wote walisalimia, wakakaa kivulini, wakangoja mzani. Mama akawaambia kabla hajapima: bei ya makopo imeshuka tena tangu jana jioni.

Mzee aliinuka. "Wiki iliyopita ulishusha mama. Leo tena?"

"Si mimi baba. Ni mjini. Wamenipigia simu."

"Na huko mjini ni nani?"

Mama hakuwa na jibu. Mzee akapimisha maboksi yake, akapokea hela, akaondoka bila kuuza chupa. Alimwachia kiroba pale pale chini ya mkorosho na kusema atakifuata bei ikipanda. Yule dada hakuweza kungoja. Aliuza.

Nikaona swali la mzee ndilo langu. Nilikuja kutafuta sheria, nikakutana na simu kutoka mjini. Na ukweli ni kwamba katika banda lile simu ndiyo iliyokuwa na nguvu. Sheria inaweza kumwamuru kila mkazi wa kata atenganishe chupa zake, naye akatii, lakini siku bei iliposhuka kile kiroba cha mzee kilibaki chini kikiwa kimetenganishwa vizuri kabisa.

Mchana alipita jirani yake mama, bwana afya mstaafu aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya kuhamia huku na kujenga. Wanamwita Mzee wa Afya na wanamheshimu sana. Alikaa nasi, akanywa chai, akaanza kunielezea mambo aliyoyashuhudia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki jiji kwa kumwaga taka karibu na nyumba zao. Ni ile kesi ya Joseph Kessy na wenzake, ambapo Jaji Lugakingira alikataa kuliongezea jiji muda wa kuendelea kumwaga. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini taka hazikuacha kuzalishwa. Zilihamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, njia ya kwenda Kisarawe. "Tulikuwa tunahamisha dampo," alisema mzee, "hatukuwa tunapunguza taka."

Mwaka 1994 jiji lilikabidhi uzoaji wa kata kumi za katikati kwa kampuni binafsi ya Multinet, na mwishoni mwa muongo ule vikundi vya jamii vikaingizwa katika kata nyingine. Wazo lilikuwa kwamba mkazi alipe ada, mzoaji azoe. Mzee wa Afya anakumbuka nyumba zilizofungwa mlango kila alipofika mkusanya ada. Jambo hilo halijaisha hata leo katika miji mingi yetu. Ada ikikusanywa hulipia lori kwenda dampo. Hailipii chupa kutokwenda dampo.

Nilimuuliza kuhusu kifungu cha 114. Anakijua vizuri. Alisema kosa la miji mingi ni kununua vyombo vya rangi tatu kisha kutuma lori moja. Mwananchi akishaona mara moja kwamba taka alizozitenganisha zimemwagwa pamoja, hatenganishi tena, na huwezi kumlaumu. "Utenganishaji unaanzia kwa mnunuzi," alisema, "unarudi nyuma hadi jikoni." Nimeyafikiria maneno hayo kuliko yote niliyoyasikia katika safari ile, na naamini ni kweli.

Nyuma ya banda kulikuwa na rundo la chupa za glasi limeota majani. Chupa za pombe kali, mitungi ya jemu, chupa za sosi. Mama alizipokea zamani akidhani zitapata soko. Soko lipo: Chang'ombe, Dar es Salaam, kiwanda cha Kioo kinayeyusha vigae vya chupa kutengeneza chupa mpya, na glasi haichakai hata ukiiyeyusha mara ngapi. Lakini glasi ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, na kutoka Sofu mafuta ya gari yanaimaliza bei yote kabla hujafika Kimara. Kwa hiyo imebaki.

Chupa za bia, nazo ni glasi, sikuzikuta kwenye rundo lile hata moja. Muuzaji wa grosari hakupi bia bila chupa tupu au bila kuacha hela ya chupa. Kreti linarudi, chupa inarudi, inaoshwa, inajazwa upya. Hakuna mgambo anayesimamia jambo hilo wala faini. Thamani ya chupa imewekwa mapema, siku ya kuuza, na aliyeiweka ni mwenye kiwanda. Chupa ya maji haina kitu hicho. Inatoka dukani ikiwa imeshakuwa taka, na thamani yake inangoja kupangwa na mtu wa mbali ambaye yule mzee wa maboksi hakuweza kuambiwa jina lake.

Jioni kirikuu ilikuja kuchukua mzigo, nami nikaomba kupanda. Kabla ya kupakia, vijana walizikanyaga chupa zilizobaki na hewa, maana gari ikipakia hewa inapakia hasara. Na hapa ndipo nilipoelewa hesabu ya pembezoni. Tuseme mnunuzi wa mjini anatoa bei moja kwa kila mtu. Anayepeleka kutoka Tabata anatoa nauli ndogo, anayepeleka kutoka Sofu anatoa nauli ya kilomita arobaini hivi. Bei ya mjini ikishuka, nauli haishuki. Wa Tabata atapata faida kidogo, wa Sofu hatapata kitu. Ndiyo maana soko likidhoofika huanza kufa kwenye ncha, katika kata kama hii, wakati mjini bado linapumua. Na ncha ndiko mji unakokua.

Dereva alikuwa mzungumzaji. Alinieleza kwamba vyuma ndivyo vinavyomlipa, kwa kuwa viwanda vya nondo vya mkoa wa Pwani, upande wa Mlandizi na upande wa Mkuranga, vinavihitaji kila siku, na havisafiri kuvuka bahari kumtafuta mnunuzi. Hata hivyo vyuma vina masharti yake, vibali vya kukusanya na kusafirisha, na mtu mdogo wa mtaani hubaki chini ya kibali cha mkubwa. Makopo, alisema, anayabeba kwa sababu ya mama, amemzoea.

Tulishushia Vingunguti, kwenye uwanja wenye mashine ya kugandamiza. Chupa zinaingia zikiwa kiroba, zinatoka zikiwa robota lililofungwa kwa waya. Mkaguzi alipasua viroba viwili vya mama, akakuta vifuniko kadhaa, akakata uzito. Akakata tena kwa ajili ya unyevu, maana mvua ilinyesha usiku. Niliwaza vidole vyangu siku nzima kwenye vifuniko vile. Nikamuuliza kwa heshima kwa nini bei imeshuka. "Nje huko," akasema. "Sisi tunafuata nje."

Kumbe kila mlango unaelekeza mlango wa mbele. Sofu wanasema mjini, mjini wanasema nje. Na nje kuna nini? Kuna mambo yanayojulikana. Kwa miaka mingi China ndiyo iliyopokea karibu nusu ya plastiki chakavu iliyouzwa baina ya nchi duniani. Julai 2017 ilitangaza, na Januari 2018 ikaanza kutekeleza, katazo la kuingiza aina 24 za taka, na kwa karatasi zilizobaki ikaweka kiwango cha uchafu kisichozidi asilimia 0.5. Marobota yakarundikana bandarini kote. Mei 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel zikakubaliana kwamba plastiki chakavu zilizochanganyika zisisafirishwe bila ridhaa ya nchi inayozipokea, na sharti hilo likaanza Januari 2021. Masharti yote hayo ni ya haki, nami nayaunga mkono, kwa kuwa yanaizuia Afrika kugeuzwa jaa. Ila yamefanya usafi wa robota kuwa sheria, na gharama ya usafi huo imeteremka hadi kwenye kidole gumba cha mama.

Kuna pia mafuta. Plastiki mpya hutokana na mafuta ghafi na gesi. Mafuta ghafi yakishuka bei, plastiki mpya inakuwa rahisi, na mwenye kiwanda haoni sababu ya kununua ya zamani. Aprili 2020, bei ya mafuta ya Marekani katika soko la mikataba ilipoanguka hadi chini ya sifuri, nani wa kuokota chupa mtaani aliulizwa? Hakuulizwa mtu, lakini hesabu ilimfikia.

Wenzetu matajiri hawakusalimika. New York, ambako sheria ya jiji inalazimisha kutenganisha taka, mwaka 2002 jiji lilisimamisha kukusanya plastiki na glasi likisema gharama ni kubwa kuliko faida. Plastiki ikarudishwa mwaka uliofuata, glasi mwaka 2004. Mwanzoni mwa 2019 Philadelphia ilikuwa inachoma karibu nusu ya taka ambazo wakazi wake walizitenganisha kwa ajili ya urejelezaji, kwa sababu bei baada ya katazo la China ilikuwa haivumiliki. Miji yenye malori ya kutosha, wakaguzi na faini, ilitikiswa na simu ile ile iliyomfikia mama chini ya mkorosho.

Nimeutaja mkorosho tena kwa sababu ulinifundisha jambo. Pwani ni mkoa wa korosho, na korosho pia bei yake hupangwa nje. Mkulima wa korosho hajaachwa peke yake na bei hiyo. Ana chama cha msingi. Ana ghala. Tangu msimu wa 2007, kuanzia Mtwara, ana stakabadhi ghalani inayomwezesha kutouza kwa njaa siku moja na kungoja mnada. Na Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, Serikali iliamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hata jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Uamuzi ule ulikuwa na matatizo yake, malipo ya wakulima wengi yalichelewa, nami siuombi urudiwe kwa chupa. Ninachosema ni kwamba nchi hii inajua kabisa, tena kwa uzoefu, namna ya kumkinga mtu mdogo dhidi ya bei ya mbali. Yule mzee aliyeacha kiroba chake chini ya mti alikuwa anafanya stakabadhi ghalani ya peke yake, bila ghala wala stakabadhi.

Tena muokota chupa anastahili kukingwa kuliko mkulima. Mkulima anauza mali moja. Muokota chupa anatoa vitu viwili kwa wakati mmoja: anatoa malighafi, na anatoa usafi wa mji. Malighafi inalipwa na kiwanda, na ni sawa ipande na kushuka. Usafi haulipwi na mtu. Chupa aliyoitoa kwenye mtaro wa Kiluvya ingeziba maji ya masika, au ingesombwa hadi Mto Mpiji na kufika baharini, na madhara yake hayapungui hata senti siku bei ya plastiki inaposhuka. Thamani ya usafi haitegemei China. Inategemea sisi.

Najua kitajibiwa nini. Kwamba kuna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ni mikopo mizuri, inaweza kununua mzani wa kisasa na mashine ya kugandamiza, na nawashauri akina mama wa kazi hii waunde vikundi waiombe. Lakini mkopo haununui chupa. Bei ikianguka, mashine inabaki na deni linabaki.

Kinachohitajika ni malipo ya huduma. Kila tani inayozuiwa isiende dampo inaiokolea halmashauri dizeli, muda wa lori na nafasi ya dampo. Sehemu ya fedha hiyo ilipwe kwa kilo, kupitia mizani iliyosajiliwa ya mabanda kama lile, juu ya bei ya kiwanda. Bei ikiwa nzuri malipo yapungue, ikiwa mbaya yaongezeke, ili anayekusanya asiache. Glasi ya Sofu nayo ihesabiwe humo, ipate nauli ya kufika Chang'ombe. Na wazalishaji wa vinywaji wachangie mfuko huo. Kenya imekwisha kuandika wajibu wa mzalishaji katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022, na kreti la bia linatuonesha hapa nyumbani kwamba jambo hilo linawezekana. Nchi iliyoweza kuondoa mifuko ya plastiki madukani kuanzia Juni 1, 2019, haiwezi kushindwa na chupa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na makisio ya halmashauri hupitishwa na mabaraza ya madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Waheshimiwa madiwani, wa Kibaha, wa Kisarawe na wa kila mji unaokua, kabla hamjapitisha sheria ndogo nyingine ya kumtoza faini mwananchi asiyetenganisha taka, wekeni kwanza katika makisio hayo kifungu kimoja cha kumlipa anayezichukua.